Tuta la Katikati

Nimepalilia mara tatu msimu huu.
Mara ya kwanza na Mwajabu, mtoto wa dada,
mara ya pili peke yangu, maji yamefika ugokoni,
mara ya tatu na vibarua wawili kutoka Makurunge
niliowalipa jogoo na ahadi.
Jaruba langu likang'aa kama sinia la Idi.

Ila tuta.

Tuta la katikati, kati yangu na kaka Mwinyikondo,
hatua sitini na mbili
tangu mdomo wa mfereji hadi kwenye bomba la saruji.
Sikuligusa. Naye hakuligusa.
Tangu tumzike baba na shamba likatwe vipande viwili
mimi nasema tuta ni lake, maana limenila shibiri tatu;
yeye anasema ni langu,
maana kelele ni zangu.
Kesi ilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji,
ikalala huko huko.
Basi nyasi zikarithi.

Likaota sangari, ikaota ndago,
ukaota mpunga mwitu wenye ndevu nyekundu,
na lile jani ambalo bibi yetu aliliita mjomba wa mpunga
kwa vile anafanana nao mpaka siku ya kuchanua.
Kiangazi, mpunga wetu ukiwa guniani
na mabua yamekuwa majivu,
mjomba alibaki kijani pale,
akinywa jasho la bomba.
Nilimsifu. Nilisema: huyu ana subira.

Mwezi wa tano Ruvu ikapumua ukungu.
Umande haukukauka hadi saa nne.
Nikaingia kuamia ndege, nikaona majani yananitazama.
Macho.
Vijicho vya ncha mbili,
kijivu ndani, hudhurungi kwenye kope,
jani hili matatu, lile kumi, lile halihesabiki.
Nikasema: husuda.
Na jina la mwenye husuda nilikuwa nalo tayari, ulimini,
tamu kama embe la wizi.

Masuke yakatoka.
Shingo zikapiga weusi.
Wenzake Supa huinama kwa uzito,
huu wangu ukasimama mweupe, kichwa juu,
kama mtu asiyejua amefika msibani.
Nikabinya punje: pepe.
Nikabinya nyingine: pepe.
Nikaacha kubinya.

Bibi shamba, Eliwaza, alikuja na pikipiki ya kuazima.
Sikupenda alivyofanya: hakutazama shamba.
Alipanda tutani na viatu vyake vya mvua,
akachutama, akamkunja mjomba jani moja,
akaniita.
Macho yale yale.
Ila haya yalikuwa makuukuu,
yamepauka, yamegusana, yamekula jani nusu.

"Haya hayakuja juzi," akasema.
"Mpunga ukiondoka, ukungu hauondoki nao.
Unatafuta pa kungojea."
Akatia majani kwenye bahasha, akaandika tarehe.
"Si kila ukungu wa nyasi huhamia mpungani.
Nitapeleka yakapimwe, sitaki kukudanganya.
Lakini ningekuwa wewe, ningeanza hapa."
Kisha, akiwasha pikipiki:
"Na hapa ni pa nani?"

Sikujibu.
Ng'ambo ya tuta masuke ya kaka yalikuwa meupe kama yangu.

Leo nimetoka kabla ya adhana, mundu na gunia.
Nang'oa na mizizi, nagonga udongo, natia guniani;
mfereji usipate hata ukoka mmoja
wa kuwapelekea walio chini.
Kumi. Ishirini. Ndago ina vifundo, kila kifundo kina ubishi.
Mwinyikondo amesimama kwenye bomba.
Hajasalimu. Sijasalimu.

Thelathini na moja.
Nusu kamili, hata mahakama isingepima vizuri zaidi.
Nimenyoosha mgongo.
Nyuma yangu udongo mtupu,
mbele yangu mjomba, anapunga mkono.
Upepo wa alfajiri unatoka kwake kuja kwangu.
Adhuhuri utageuka,
utatoka kwangu kwenda kwake.

Nikatema mate viganjani.

Thelathini na mbili.